Mistari miwili ya njano kwenye kona ya mtaa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukiona karatasi yenye plastiki imefungwa kwenye nguzo ya taa mtaani kwako, imejaa majina ya barabara na vipimo vya mita, usiipite. Huenda kona unayoegesha gari kila usiku iko mbioni kuchorwa mistari miwili ya njano. Karatasi hizo huandikwa kwa Kiingereza cha kisheria, na wengi wetu hushtuka siku ya kukuta tiketi kwenye kioo, wakati muda wa kusema neno ulishapita zamani. Maswali yafuatayo yanawahusu Waswahili wanaoishi England. Scotland na Wales zina taratibu zao, ingawa sababu za kulinda kona ni zilezile.

Karatasi inasema nini hasa?

Inasema kwamba halmashauri inakusudia kutoa amri ya kuzuia magari kuegeshwa mahali fulani, kwa mamlaka inayopewa na sheria ya udhibiti wa barabara ya mwaka 1984. Inakusudia, bado haijaamua. Tafuta mambo matatu: barabara ipi na upande upi, mistari itaenda mita ngapi kutoka kwenye kona, na tarehe ya mwisho ya kupokea maoni. Mengine yote ni maneno ya mawakili. Nyaraka kamili, yaani rasimu ya amri, ramani na maelezo ya sababu, lazima ziwe wazi kwa mtu yeyote kuzisoma, na siku hizi nyingi huwekwa kwenye tovuti ya halmashauri. Anza na ramani. Watu wengi hugombana kuhusu mistari ambayo hata haifiki mbele ya nyumba zao.

Kwa nini kona, na kwa nini wanataja mita 10?

Mita 10 imetoka kwenye kanuni ya 243 ya kitabu cha kanuni za barabarani cha Uingereza, kilekile ulichokariri ulipokuwa ukijiandaa na mtihani wa leseni. Kinakataza kuegesha mkabala na makutano ya barabara au ndani ya mita 10 kutoka hapo, isipokuwa penye nafasi rasmi ya maegesho.

Sababu yake inaonekana ukikaa nyuma ya usukani. Unatoka mtaa mdogo kuingia barabara kubwa. Macho yako hayako kwenye pua ya gari. Wasanifu wa barabara huhesabu kwamba dereva yuko takriban mita 2.4 nyuma ya ukingo wa barabara anayoingia. Kukiwa na gari limeegeshwa kwenye kona, na hasa likiwa van, huoni kitu mpaka boneti iwe imeshaingia kwenye njia ya wengine. Anayekuja kwa maili 30 kwa saa, yaani kama kilomita 48, anakula zaidi ya mita 13 kila sekunde. Kitabu hichohicho kinampa mita 23 za kusimama: 9 za kushtuka na kukanyaga breki, 14 za breki zenyewe. Hapo lami ni kavu na dereva hachezei simu. Kwa maili 20 zinashuka hadi mita 12, ndiyo maana kasi ya mtaa na urefu wa mistari ni mambo yanayokwenda pamoja.

Mwongozo wa usanifu wa mitaa uliotolewa mwaka 2007 unataka dereva anayetoka aweze kuona umbali wa mita 43 pale magari yanapokwenda maili 30, na mita 25 pale yanapokwenda maili 20. Mita 10 za kona peke yake hazikupi mita zote hizo. Zinalisogeza gari la kwanza nyuma kiasi cha kutosha ili ukijongea taratibu, uone na uonekane kabla hujajitosa.

Halafu kuna anayetembea kwa miguu. Mwongozo huo unataka dereva aweze kuona kitu chenye kimo cha sentimita 60 tu, ili hata mtoto mdogo aonekane. Mtoto huyo akisimama kati ya magari mawili kwenye kona, dereva haoni hata kofia. Na ni kwenye kona hasa ndipo ukingo umeshushwa ili kiti cha magurudumu na kigari cha mtoto vivuke, na ndipo kuna vigae vyenye vinundu ambavyo kipofu huvikanyaga akajua amefika barabarani. Gari likiziba hapo, mwenye kiti cha magurudumu anarudi alikotoka au anapita katikati ya barabara. Tangu Januari 2022 kanuni zinamtaka dereva anayekata kona amwachie njia mtu anayevuka au anayesubiri kuvuka. Utamwachiaje usiyemwona?

Mimi nilijifunzia udereva Bujumbura. Kuna tofauti?

Ipo, na inawagusa pia waliotoka Kigali, Goma na Lubumbashi, ambako gari hupita kulia. Hapa, kama Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, gari hupita kushoto, kwa hiyo hatari ya kwanza unapotoka mtaani inatokea kulia kwako. Gari lililoegeshwa upande wa kulia wa kona ndilo linalokuziba zaidi. La kushoto lina shida yake nyingine: likiwa mdomoni mwa mtaa, wewe unayetoka hulazimika kulikwepa kwa kuhamia upande wa anayeingia, mkakutana uso kwa uso.

Kabla ya mistari kuchorwa, naruhusiwa kuegesha pale?

Hapa ndipo watu wengi huchanganya mambo. Kanuni ya 243 ni katazo la kitabu. Mkaguzi wa maegesho wa halmashauri hawezi kukuandikia tiketi kwa sababu yake tu, maana hakuna mstari unaompa mamlaka hayo. Lakini ukisababisha ajali, kanuni hiyo inaweza kutumiwa dhidi yako mahakamani. Polisi nao wanaweza kuchukua hatua kama gari limeziba njia au limeachwa mahali pa hatari. Kuna pia ukingo ulioshushwa kwa ajili ya wavukaji: halmashauri nyingi zinaweza kukutoza kwa kuuziba hata pasipo mstari wowote.

Kwa hiyo mtu akisema "wanatunyang'anya maegesho", jibu langu ni kwamba pale hapakuwa maegesho kamwe. Palikuwa mahali pasipo na wa kukukamata. Najua jibu hilo halimfurahishi mtu anayerudi kutoka zamu ya usiku saa moja asubuhi na kukuta mtaa mzima umejaa, lakini ndivyo ilivyo, na ukiandika pingamizi lililosimama juu ya "haki yangu ya kuegesha kwenye kona" litakwenda kapuni.

Hapa hapajawahi kutokea ajali. Mbona wanatusumbua?

Takwimu za ajali zinazotumiwa na halmashauri hutoka polisi, na huhesabu ajali zenye majeruhi. Vioo vilivyovunjika, baiskeli iliyoponea chupuchupu, mama aliyemvuta mtoto nyuma kwa mkono, hayo hayamo. Isitoshe, sheria ya 1984 inaruhusu amri kwa ajili ya kuzuia hatari inayoweza kutokea. Haiwalazimishi kusubiri mtu aumie kwanza.

Hata hivyo una haki ya kuuliza. Maelezo ya sababu yaliyo kwenye nyaraka yanapaswa kueleza kilichowasukuma: malalamiko ya wakazi, gari la taka kushindwa kupita, ombi la zimamoto. Kama yamesema "usalama" bila neno jingine, waandikie waeleze.

Zimamoto wanaingiaje kwenye habari hii?

Kwa hesabu ndogo. Mitaa mingi ya makazi ina upana wa kama mita 5.5. Gari la kawaida lina upana wa karibu mita 1.8. Likiegeshwa upande mmoja, zinabaki mita 3.7, ambazo ndizo mwongozo wa majengo wa England unazitaja kama upana wa njia ya gari la zimamoto. Yakiegeshwa pande zote mbili haibaki hata mita 2. Na hapo tunazungumzia sehemu iliyonyooka. Kwenye kona gari refu linahitaji nafasi zaidi ili mkia wake upite.

Mistari miwili inakataza nini?

Inakataza kusubiri. Saa zote, usiku na mchana, Jumapili, Krismasi na Idi. Haihitaji kibao, kwa hiyo "sikuona kibao" si utetezi.

Katazo halishii kwenye lami. Linaanzia katikati ya barabara na kwenda hadi mwisho wa eneo la barabara, yaani pamoja na njia ya waenda kwa miguu na ukanda wa majani. Kupandisha magurudumu mawili juu hakukuokoi. Wala kuwasha taa za dharura na kubaki ndani ya gari: bado unasubiri. Uwanja wako wa ndani hauguswi, lakini mbele ya lango lako, penye mstari, ni marufuku hata kwako mwenyewe.

Naweza kushusha mtu?

Ndiyo. Kupakia na kushusha abiria kunaruhusiwa kwa muda unaohitajika, na bibi mwenye magoti mabovu anaruhusiwa kuchukua muda wake. Ukimshusha mtoto madrasa kisha ukabaki unamsubiri, hapo ndipo tiketi inapoanzia. Usichanganye mistari hii na ile ya kupindapinda nje ya lango la shule, ambako hata kumshusha mtoto kwaweza kukuletea faini.

Nafanya kazi ya kupeleka vifurushi na chakula. Nitafanyaje?

Kupakia na kushusha mizigo kunaruhusiwa kwenye mistari miwili, isipokuwa kama juu ya jiwe la ukingo kuna vistari vifupi vya njano. Hivyo vinamaanisha hata mizigo imekatazwa. Kimoja kimoja kwa saa maalumu zilizoandikwa kwenye kibao, viwili viwili wakati wote. Pasipo vistari hivyo, kazi lazima ionekane inaendelea. Mkaguzi hutazama gari kwa dakika kadhaa, na asipoona mtu akienda wala kurudi, anaandika. Tunza kumbukumbu ya oda kwenye simu, muda na anwani, maana ndiyo itakayokutetea.

Baba ana kadi ya buluu ya walemavu.

Kwa England, mwenye kadi hiyo anaweza kuegesha kwenye mistari miwili ya njano kwa muda usiozidi saa 3, akiweka kadi na saa ya karatasi inayoonyesha alipofika, mradi hakuna katazo la mizigo na haleti kizuizi. Kwenye kona neno la mwisho lina uzito. Kadi haimpi ruhusa ya kuziba macho ya wengine, na kanuni ya mita 10 inamhusu kama mtu yeyote. Kama baba anahitaji nafasi karibu na mlango, njia nzuri ni kuiomba halmashauri nafasi maalumu ya mlemavu mbele ya nyumba, na kipindi hiki cha maoni ni wakati mwafaka wa kulitaja hilo kwa maandishi.

Kukiwa na msiba je? Watu watatoka Coventry na London.

Swali hili halimo kwenye kurasa za halmashauri, lakini kwetu ni la kwanza. Amri haina msamaha kwa wafiwa. Soma orodha ya misamaha iliyomo kwenye rasimu. Amri nyingi hulitaja gari la jeneza, ila magari ya jamaa hayamo. Kinachosaidia ni wenyeji kujipanga: weka vijana wawili kwenye kona, wamwelekeze kila anayefika kwenye maegesho ya msikiti, kanisa au shule iliyo karibu baada ya kuomba ruhusa. Majirani Waingereza nao huwa wepesi kuachia nafasi wakiambiwa mapema kwamba kuna kifo. Wasipoambiwa, wanaona magari tu.

Faini ni kiasi gani?

Nje ya London, halmashauri nyingi hutoza pauni 70 kwa mistari miwili, na ukilipa ndani ya siku 14 unalipa nusu, pauni 35. London ni juu zaidi kwa mbali. Faini hii haileti pointi za adhabu kwenye leseni. Lakini inamfuata mwenye gari, kwa hiyo ukimwazima shemeji gari lako akaliacha kwenye kona, barua itakuja kwako.

Usiitupe barua. Ukikaa kimya faini huongezeka kwa nusu, kisha husajiliwa kama deni mahakamani, na mwisho hupewa wadai madeni wanaobisha hodi na gharama zao juu. Kama unaamini umeonewa, andika ndani ya siku 14 za mwanzo. Wakikataa, subiri taarifa rasmi kwa mwenye gari, ambayo inakupa siku 28 za kujieleza tena; wakikataa tena unaweza kwenda kwa mwamuzi huru bila kulipa ada. Wengi hushindwa kwa sababu wameandika hadithi bila picha. Piga picha ya gari, ya mistari, na ya mahali mistari inapoishia.

Si njia tu ya halmashauri kujipatia pesa?

Ziada ya maegesho inabanwa na kifungu cha 55 cha sheria ya 1984: hutumika kwa maegesho, usafiri, barabara na mambo ya aina hiyo. Kona moja ya mtaa wa makazi, ambako mkaguzi hupita kwa nadra, haimtajirishi mtu. Malalamiko ya kweli ni kinyume chake: mistari inachorwa, kisha haji mtu kuisimamia.

Nataka kupinga. Nifanyeje?

Una siku 21 angalau tangu tangazo litolewe. Pingamizi liwe la maandishi, litaje jina la amri au namba yake, na litoe sababu. Liandike kwa Kiingereza, hata kile cha kuunga-unga. Kama hukiwezi, mtafute kijana wa nyumbani.

Barua inayosema "sitaki mistari, tunalipa kodi" huhesabiwa kama pingamizi moja na kusahauliwa. Inayofanya kazi ni hii: "Mpango unaonyesha mita 18 upande wa mashariki. Kasi hapa ni maili 20, na upande ule kuna ukuta mfupi usioziba macho. Naomba ziwe 10." Umewapa kitu wanachoweza kubadilisha. Zipo halmashauri zinazochora hata chini ya mita 10 pale kasi ni ndogo, kwa hiyo urefu ni jambo la kujadiliwa hata kama kona yenyewe si ya kujadiliwa. Afisa anaweza kupunguza mistari baada ya maoni. Akitaka kubadilisha mpango kwa kiasi kikubwa, inabidi awape nafasi ya kusema wale ambao mabadiliko hayo yatawagusa.

Uliza pia magari yatahamia wapi. Makutano yenye umbo la T yana mikono minne ya ukingo, na mita 10 kila mkono ni mita 40, nafasi za kama magari saba. Magari hayo hayayeyuki. Yakihamia kona inayofuata, hatari imehamishwa tu, na hilo ni hoja halali ya kuomba kona zote za mtaa zishughulikiwe kwa pamoja.

Na kama unaunga mkono, andika vilevile. Wanaokubali huwa hawaandiki, halafu mezani kwa madiwani zinafika barua za hasira peke yake.

Wakishaamua?

Amri lazima itolewe ndani ya miaka 2 tangu tangazo la kwanza, la sivyo waanze upya. Ikitolewa, wanatangaza tena na kuwajibu waliopinga. Anayetaka kuipinga mahakamani ana wiki 6, na hoja ziwe za kisheria: walivuka mamlaka yao, au waliruka hatua. Mahakama haitajadili kama mita 10 ni nyingi.

Kuna pia amri za majaribio, za hadi miezi 18. Hizo mistari huchorwa kwanza na maoni hupokelewa katika miezi 6 ya mwanzo, kwa hiyo usidhani kwamba rangi ikishakauka umechelewa. Soma ni amri ya aina gani.

Sisi tunataka mistari na hatuna. Tuanzie wapi?

Anza kwa kujua nani mwenye barabara. Leicester au Milton Keynes ni halmashauri moja kwa kila kitu. Oxford, anayezoa taka ni mwingine na anayeshika barabara ni kaunti ya Oxfordshire; ukimwandikia asiyehusika utangoja miezi. Mwandikie mwenye barabara na nakala kwa diwani wako, ambaye ombi la mkazi wa kata yake ni kazi yake.

Ambatanisha picha zilizopigwa kwa siku na saa tofauti, asubuhi ya shule na usiku, zikionyesha kona ileile. Weka jina la kila anayeunga mkono na namba ya nyumba, kwa sababu majina kumi ya mtaa huohuo yana nguvu kuliko mia ya mtandaoni. Taja shida ya mzee anayetumia kiti cha magurudumu, dereva wa basi la shule, mzoa taka anayeshindwa kugeuza. Halafu tarajia foleni: kwa kuwa tangazo na amri vina gharama, halmashauri nyingi hukusanya kona kadhaa na kuziweka kwenye amri moja. Uliza orodha inayofuata inafungwa lini, na uhakikishe barua yako imefika kabla ya tarehe hiyo.